Mtoto wa Mbele Kwenye Picha ya Baraza

Dunda, Bagamoyo
3 Februari 2024

Kaka yangu Hamidu,

Assalamu alaykum, na shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na wote wa huko Pangani. Huku tunamshukuru Mungu. Goti langu la kulia bado linanisumbua nikiinuka kwenye sijida, kwa hiyo siku hizi naswali juu ya kiti, nami naona haya kama mtoto aliyekalishwa mbele ya wakubwa. Paa la uani limeliwa na kutu, Sabiha amesema litabadilishwa kabla ya masika. Nakuandikia kwa mkono kama tulivyozoea, maana mara ya mwisho nilipokupigia simu ulisema "nani? nani?" ukakata, ukidhani ni wale watu wa mtandao wanaouza nyimbo.

Habari kubwa ni hii. Adila, mjukuu wangu, binti wa Sabiha, amejifungua salama. Mtoto wa kiume, ameitwa Mikdad. Sasa nina kitukuu, kaka. Tumekuwa vizazi vinne ndani ya nyumba moja, na wote tunagombea feni moja.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye haja yangu. Unakumbuka ile picha iliyokuwa ukumbini kwa mama, uliyoichukua baada ya arobaini yake? Ile ya barazani. Bibi Shufaa, mama yake bibi, amekaa kwenye kiti katikati. Bibi yuko ubavuni pake. Mama amesimama nyuma. Baba, ba'mdogo na wanaume wengine wa ukoo wamevaa kanzu. Wewe umeikumbatia nguzo. Na mbele kabisa, chini miguuni pa bibi Shufaa, mimi na gauni langu lenye utepe. Vizazi vinne, sawasawa na sisi.

Mikdad akishaweza kukaa, tunataka tupige nyingine palepale barazani. Mimi nikae kwenye kiti, yeye nimweke miguuni pangu. Kisha nizitundike zote mbili ukutani. Nimeshawaambia wajukuu kwamba yule mtoto wa mbele ndiye leo bibi wa kwenye kiti, nao hawaamini kama nami niliwahi kuwa na mashavu. Niletee hiyo picha, kaka. Sina nyingine ya utotoni. Inayoifuata ni ya siku ya harusi yangu, na humo nimeinamisha kichwa.

Barua utapewa na Muzammil, yule muuza vipuri anayepita huko kila akienda Tanga. Ukijibu mpe yeye.

Wasalaam, ni mimi mdogo wako,
Bimdogo


Pangani
10 Machi 2024

Mdogo wangu Bimdogo,

Waalaykum salaam, na marahaba sana. Barua yako niliipata, nikachelewa kujibu kwa sababu wifi yako alishikwa na homa, akalala wiki nzima, nikawa mimi ndiye ninayepika. Watoto wamekula uji mpaka wameuchukia. Sasa ameinuka, na huku watu wanautazamia mwezi; kesho au keshokutwa tutaanza kufunga, inshallah.

Hongera kwa kitukuu. Mungu amkuze katika dini na afya njema, na mama yake apone vizuri.

Kuhusu picha, unajua nyumba yetu iko karibu na mto, na unyevu wa hapa hauna huruma. Karatasi imegandana na kioo. Nikijaribu kuitoa nyuso zitabaki kwenye kioo, na kuisafirisha na fremu yake katika mabasi haya ni kuivunja. Naona ibaki ilipo. Badala yake nakutumia picha ya baba, ile aliyopiga Dar amevaa koti. Ametoka vizuri kuliko kwenye ile ya barazani.

Wasalimie wote. Goti lipakwe mafuta ya nyonyo, uache kuona haya. Mungu anajua magoti yalivyo.

Kaka yako,
Hamidu


Dunda, Bagamoyo
20 Aprili 2024

Kaka Hamidu,

Assalamu alaykum na shikamoo. Idi tuliisherehekea ndani kwa mvua. Uwanja mzima ulikuwa maji, watoto wamevaa nguo mpya na kandambili. Paa la uani halikubadilishwa, kwa hiyo biriani tulipikia sebuleni na moshi wote tukaumeza. Mikdad anageuka mwenyewe sasa, na ana sauti kubwa ya kuadhinia. Mafuta ya nyonyo nimepaka. Nanuka kama cherehani lako.

Baba na koti lake nimempokea. Ni picha nzuri. Lakini kaka, nimekuomba picha ya watu, umeniletea ya koti.

Kama haiwezi kutoka kwenye kioo, isitoke. Nimezungumza na Muzammil. Safari ijayo atapita kwako aipige kwa simu yake hapohapo ilipo ukutani, na Adila ataisafisha na kuichapisha huku. Hilo halivunji kitu. Usimkatalie.

Na unijibu neno moja. Ule utepe wangu ulikuwa wa rangi gani? Kwenye picha kila kitu ni cheusi na cheupe, na mama sikumuuliza. Mimi huwa nawaambia watoto ulikuwa mwekundu. Wewe umeshona nguo maisha yako yote, huwezi kukosa kukumbuka.

Mdogo wako,
Bimdogo


Pangani
2 Juni 2024

Mdogo wangu Bimdogo,

Waalaykum salaam, marahaba. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu.

Muzammil alikuja nikiwa msikitini, na chumba ilimo picha kilikuwa kimefungwa. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Alisubiri kidogo, akaondoka na gari lake.

Nami nakuuliza, mdogo wangu, kwa nini msipige yenu mkaishia hapo? Ninyi ni wazima, mko pamoja, mnapendeza. Hao wa zamani wamepumzika. Kumtundika mtu aliyekufa kando ya mtoto mchanga sioni faida yake, na wapo masheikh wasiopenda picha za marehemu ukutani.

Utepe sikumbuki.

Kaka yako,
Hamidu


Dunda, Bagamoyo
19 Juni 2024

Kaka Hamidu,

Assalamu alaykum na shikamoo. Idi ya kuchinja imepita salama. Habari nyingine sitaandika leo.

Jana nilikwenda Kaole kumtembelea kaka Mwinyijuma, mtoto wa marehemu ba'mdogo. Unajua siku ile naye alikuwepo, kijana wa kama miaka kumi, yuko upande wa kulia ameshika kofia. Nilitaka anitajie wanaume nisiowakumbuka, ili Adila aandike majina chini ya picha siku utakayoona inafaa kuileta. Akanitajia wote. Sauti imemwisha lakini kumbukumbu bado anayo. Tulipomaliza waliosimama nikasema, "Na mimi hapo mbele."

"Wewe?" akasema. "Wewe hukuwepo."

Nikacheka. Nikamwambia, "Kaka, nimekaa miguuni pa bibi Shufaa, nina utepe kichwani."

"Yule ni Hajra. Dada yako, Mungu amrehemu. Wewe ulikuwa bado kuzaliwa."

Kisha akanitazama usoni, akaona kitu humo, akageuka akamwita mkewe kwa nguvu alete chai. Akaniuliza kama huku Dunda maandazi yamepanda bei. Nilikunywa ile chai, kaka. Nikauliza habari za mbuzi waliochinjwa. Nikaaga, nikapanda bodaboda, na dereva akaniuliza mara mbili kama ninaumwa.

Tangu nizaliwe naambiwa mimi ndiye binti pekee wa mama. Nilijua aliwahi kupoteza mtoto, nikadhani ni mimba iliyoharibika, kwa jinsi watu walivyokuwa wakinyamaza jambo hilo likikaribia. Hakuna aliyenitajia jina.

Kama Mwinyijuma amezeeka na anachanganya, niambie amezeeka, nami nitakuamini. Lakini niambie.

Bimdogo


Pangani
27 Juni 2024

Mdogo wangu Bimdogo,

Waalaykum salaam, marahaba. Sisi wazima.

Mwinyijuma hajazeeka kiasi hicho.

Hajra alikuja baada yangu. Siku ile ya picha nilikuwa na miaka saba na yeye kama mitatu. Ilikuwa Idi, baba amemwita mpiga picha, Mgoa mmoja mwenye sanduku la miguu mitatu, na bibi Shufaa alitaka Hajra akae kwake kwa sababu kwa mwingine yeyote asingetulia. Mama alikuwa na mimba yako. Ukitazama vizuri utaona kanga ameishusha mbele na mkono ameuweka hapo. Kwa hiyo umo, Bimdogo. Umo kwenye picha.

Ulikuwa bado mchanga surua ilipoingia Dunda. Tuliugua pamoja, mimi na Hajra, kwenye kitanda kimoja. Mimi nikapona. Baada ya matanga mama hakulitaja tena jina lake. Hakuna aliyekatazwa, alikuwa tu akisikia mtu analianza, anainuka na kutoka, na kidogo kidogo nyumba nzima ikaacha.

Ulipokuwa na miaka minne au mitano ulipanda juu ya kiti ukumbini ukagusa kioo, ukauliza, "Mama, mimi niko wapi?" Mama alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Ukauliza tena, unajua ulivyo. Akaweka ungo chini, akaja, akamgusa Hajra kwa kidole. "Huyu hapa," akasema. Uliruka kutoka kwenye kile kiti ukakimbia nje kuwaita watoto wa jirani waje wakuone. Baba alikuwa mlangoni anavaa viatu. Nilimfuata barabarani nikamwambia, "Baba, yule si Bimdogo." Hakusimama. Akaniambia, "Mama yako ameshasema."

Basi nami sikusema. Mama alipofariki nilichukua picha ile kabla hujaiomba, maana nilijua siku moja mtu atakuja kuhesabu miaka. Nikifikiria kukuambia, nakuona unaruka kutoka kwenye kile kiti. Ndiyo sababu niliandika mambo ya unyevu. Karatasi haikugandana na kioo. Haijawahi.

Umeniuliza kweli, basi chukua na hii. Hajra alikuwa mkorofi. Aking'ata hakuachia. Alikuwa anakwangua chokaa ya ukutani na kuila, na ukimuuliza anafunga mdomo wote mweupe anakutazama. Jina langu lilimshinda, akiniita Hamu. Tulipokuwa tunaumwa aliniomba nimkune mgongo, nikamkuna, kisha nikachoka nikalala. Utepe ulikuwa wa kijani. Mama aliukata kwenye pindo la gauni lake mwenyewe. Waliomjua tumebaki mimi na Mwinyijuma.

Picha nimempa Muzammil aje nayo, imefungwa kwenye kitenge cha wifi yako. Ameapa ataipakata njia nzima.

Kaka yako,
Hamidu


Dunda, Bagamoyo
8 Septemba 2024

Kaka yangu Hamidu,

Assalamu alaykum, na shikamoo kaka. Nisamehe kwa kukawia. Sote tu wazima. Paa la uani limebadilishwa, linang'aa mpaka majirani wanalalamika. Mikdad anakaa, na amepata meno mawili ya chini. Wifi mwambie kitenge chake nimekifua, kitarudi.

Picha ilifika salama. Niliiweka kabatini chini ya mashuka bila kuifungua, nikawa napita mbele ya kabati kama napita mbele ya mtu niliyegombana naye. Sabiha aliniuliza kuna nini nikamwambia ni kitenge cha wifi. Nitakwambia ukweli: nilimwonea wivu mtoto wa miaka mitatu aliyekufa. Nilimwona kama ameniibia. Halafu nikakumbuka ni mimi niliyekaa mahali pake muda wote huu, nimevaa gauni lake, nimejisifu kwa mashavu yake, na yeye hana hata jina.

Ijumaa moja baada ya swala nikaifungua. Nikawaita Sabiha na Adila, nikawaeleza. Sabiha alilia. Adila akauliza, "Kwa hiyo bibi, wewe hupo popote?" Nikamwambia yale ya kanga uliyoniandikia. Lakini kwako wewe nasema, usinifariji kwa tumbo, kaka. Nimelitazama kwa miwani ya Sabiha mpaka macho yakauma. Kanga naiona, mkono wa mama nauona. Mimi sijioni.

Mwinyijuma alikuja na mjukuu wake akanipeleka makaburini. Mahali hasa hapakumbuki tena, akaonyesha upande kwa fimbo, "Huku, huku." Nikasoma Fatiha kwa upande wote. Nikalitaja jina lake kwa sauti. Sijui mara ya mwisho lilitajwa lini hapo.

Picha mpya tumepiga juzi. Nimekaa kwenye kiti, Sabiha ubavuni, Adila nyuma. Mikdad tulimweka chini miguuni pangu, akakojoa kwenye mkeka, akageuka kumtazama paka, na ndivyo alivyotoka, kisogo tupu. Tumezitundika zote mbili. Adila ameandika majina yote chini ya ile ya zamani, na pale mbele ameandika Hajra binti Salumu. Kwa mkono wake mzuri. Watoto wa jirani wameshaanza kuuliza Hajra ni nani, nami nawaambia alikuwa anakula chokaa.

Sasa lipo hili moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila nilipojifikiria nikiwa mdogo nilikuwa naona sura ile. Nimeirudisha kwa mwenyewe. Nikifumba macho sasa nijione, sioni kitu. Baba hayupo, mama hayupo. Mwinyijuma nilimuuliza, akasema watoto wote walikuwa sawa. Aliyebaki ni wewe.

Nilikuwaje, kaka? Usinitungie. Kama hukumbuki, sema hukumbuki.

Mdogo wako,
Bimdogo


Pangani
14 Septemba 2024

Mdogo wangu Bimdogo,

Waalaykum salaam, marahaba. Muzammil amenikuta barazani, nami nimemwambia akanywe kahawa mahali nimalize kuandika, aondoke na jibu leo leo.

Nakumbuka.

Ulizaliwa mweusi kuliko sisi sote, na kichwa kirefu mpaka mkunga akawa anakikanda kwa maji ya moto, na bibi Shufaa akasema muacheni, kitarudi chenyewe. Kilirudi. Nywele zako zilikuwa kisogoni tu, mbele hakuna kitu. Ulikuwa na kidevu cha baba. Macho makubwa, na hukuwa unalia ovyo. Ulikuwa unakunja uso kwanza, unatuangalia mmoja mmoja, kama unatupa nafasi ya kujirekebisha.

Ulichelewa kutembea. Watu walidhani ni ugonjwa, lakini miguu yako ilikuwa mizima. Hukuwekwa chini, basi. Baada ya Hajra mama alikubeba mgongoni mpaka nyayo zako zikawa zinamfika magotini. Alipika nawe, alitwanga nawe, alikwenda nawe kisimani na kwenye matanga ya watu. Ulijua kusema kabla ya kutembea, ukawa unatoa amri kutoka juu ya mgongo. "Hamidu, maji." "Hamidu, njoo hapa." Hilo hujaliacha.

Na kuhusu picha. Idi iliyofuata yule Mgoa alirudi. Viti vilikuwa vimeshapangwa barazani na baba amevaa kanzu yake. Mama akakuchukua, akaingia nawe stoo, akatia komeo. Baba akamwita kwa upole, "Mama Hamidu, watu wanangoja." Akajibu kutoka ndani, "Pigeni tu. Huyu hapigwi." Baba akamwambia picha haiui mtu. Komeo halikufunguliwa. Baba akasimama pale mlangoni muda, kisha akaenda akamwomba radhi mpiga picha, na viti vikarudishwa ndani. Mwaka mwingine alikuja tena, na ikawa vilevile, mpaka akaacha kupita kwetu. Kwa hiyo usiseme huna picha kwa sababu ulisahauliwa.

Mimi nilitumwa nikawaangalie. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Mama alikuwa amekaa chini katikati ya mafungu ya nazi, amefumba macho, amekufunika kanga mwili mzima, kichwa na uso, na mikono yote miwili ameizungusha juu yake. Wewe hukutulia. Mguu wako mmoja ulikuwa umechomoka nje ya kanga, mguu mnene wenye mikunjo, unapiga mateke hewani, na ndani ya ile kanga nilikusikia unacheka.

Kaka yako,
Hamidu